Moshi Unaingia Dohani

Mwalimu Tsiala alituambia: zimeni sauti kwanza.
Muziki ni mwenyeji mkarimu kupita kiasi,
atakushibisha kabla hujaona chunguni mna nini.
Nikazima.
Dakika tatu, sekunde arobaini na moja.
Imepigwa hapa hapa Chiatura,
mji wa manganizi, vigari vikining'inia kwenye waya
toka ukingo hadi ukingo wa bonde.

Daftarini niliandika hivi:

Mkato: hakuna. Pumzi moja, mwanzo hadi mwisho.
Kamera imebebwa begani;
picha inapanda na kushuka kama kifua cha aliyekimbia.
Rangi: kijivu cha mlima uliochokonolewa miaka na miaka,
kisha koti moja jekundu.
(Nikalipigia mstari koti. Darasa zima
lingelipigia mstari koti.)

Msichana anashuka kilima akiimba,
theluji imemfika vifundoni,
hatua zake nzito na nyepesi kwa pamoja
kama mtu atembeaye ndani ya maji.
Nikaandika: woga.
Mbele yake kuna nyayo, zimeshakanyagwa,
naye anapachika mguu humo humo, hakosei hata moja.
Nikaandika: majaaliwa.
Nyuma yake sikutazama. Koti lilinishughulisha.

Chini kituoni kigari kinawasili,
mlango unafunguka,
mwanamume anatoka akitanguliza mgongo,
sanduku mkononi.
Nikaandika: aibu ya baba aliyekawia,
nikajipongeza kwa neno hilo,
nikalirudia kwa sauti.

Shangazi Eteri alikuwa amekuja kuchaji simu,
kwake umeme umekatika tangu Jumanne.
Yeye huchochea tanuri la mkate kule sokoni,
nyusi zake hazijapata kuota zikakamilika.
Akainama juu ya bega langu, harufu ya unga na masizi,
akatazama si koti, si msichana,
bali paa la nyumba kwenye pembe ya picha.

"Huo moshi," akasema, "mbona unaingia dohani?"

Nikasimamisha.
Kweli. Moshi ulikuwa ukishuka kutoka mawinguni
na kumezwa na bomba, taratibu, kama uzi wa kushonea.
Na nyuma ya msichana theluji ilikuwa nzima,
haijaguswa: kila unyayo alioukanyaga
ulijifuta.

Basi nikaigeuza, mwisho ukawa mwanzo.
Wanakumbatiana. Wanaachana.
Mwanamume anapanda kigari kama apandavyo mtu yeyote,
mlango unafungwa, waya unamvuta.
Na msichana anapanda kilima kinyumenyume,
hatua kwa hatua, hatazami anakokwenda,
macho yote kwenye kile kisanduku cha bati
kinachozidi kuwa kidogo.
Midomo inatafuna maneno yasiyo maneno.
Amejifunza wimbo mzima kuanzia mkiani,
silabi baada ya silabi, mchezo wa kukaza meno,
ili sisi tukitazama tumwone akija.

Nikafuta woga. Nikafuta majaaliwa.
Aibu niliikwangua hadi karatasi ikatoboka.

Mbinu yenyewe haina maajabu, kila mtu anayo simuni,
watoto huirudisha juisi glasini wakacheka.
Lakini huyu alihitaji mlima mzima, na baridi,
na shingo isiyogeuka hata mara moja.

Mama yangu yuko Bari mwaka wa saba,
anamlisha bibi wa watu supu kwa kijiko.
Siku ya basi lake kulikuwa na mvua,
nami nilishageuka kabla halijapiga kona.
Viatu vilikuwa vipya.
Hilo sikuliandika.

"Irudishe ilivyokuwa," akasema Shangazi,
akivuta kigoda. "Na ufungue sauti."
"Lakini sasa unajua ameondoka."
"Najua. Irudishe."

Tukatazama moshi ukiingia ndani.
Simu yake ilikuwa imejaa tangu zamani.